Wakati wa Nani? Maneno Juu ya Mama Asomaye na Kazi za Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeupima mchana na usiku kwa kipimo chake, akawapa waja wake wote, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini, saa zilizo sawa katika siku moja. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Watu wengi wameihifadhi Suratul-Asri tangu utotoni kwa kuwa ni fupi, na wengi huisoma katika sala wanapokuwa na haraka. Wachache ndio wasimamao wakajiuliza kwa nini Mola ameapa kwa wakati, kisha akafuatisha kutaja khasara ya mwanadamu. Na katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa ya kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja neema mbili ambazo watu wengi hupunjika katika hizo, nazo ni afya na nafasi. Wanavyuoni wamelieleza neno hilo kwa mfano wa biashara: mtu huuza kitu cha thamani kwa bei duni, asijue kuwa amepunjika mpaka soko limevunjika.

Hiyo ni khabari ya mtu aipunjaye nafsi yake. Lakini iko mas-ala nyingine iliyo jirani na hiyo, nayo haisemwi sana mimbarini wala barazani. Je, mtu aweza kumpunja mwenziwe wakati wake? Na akimpunja, hiyo ni dhuluma yenye hesabu kama dhuluma ya mali, au ni jambo jepesi lisiloandikwa? Karatasi hizi zaitazama mas-ala hiyo kwa mfano wa mama mwenye watoto ambaye naye ni mwanafunzi, katika mji wa Mpanda.

Mtu wa Pwani akisikia jina la Mpanda huenda akaona ni nchi ya mbali isiyomhusu. Na kwa masafa ni mbali kweli: mwenye kwenda kwa gari la moshi hutoka Dar es Salaam mpaka Tabora, akapita Kaliua, na hapo reli ikaigeuza njia yake kuelekea kusini mpaka Mpanda. Reli hiyo ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Hivi leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na watu wake walima mahindi, mpunga na tumbaku, na wafuga ng'ombe, na upande wa magharibi wavua samaki katika Ziwa Tanganyika. Walakini kwa lugha na kwa dini nchi zile si ngeni. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kwenda Tabora na Ujiji ndiyo iliyopeleka huko Kiswahili, na pamoja na Kiswahili ikapeleka adhana. Basi khabari ya nyumba ya Mpanda ni khabari ya nyumba ya jirani, na jirani ana haki ya kutazamwa.

Khabari yenyewe ni hii. Katika uchunguzi wa afya ya uzazi uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016, ilionekana ya kwamba katika Mkoa wa Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba, na nchi nzima walikuwa 27 katika 100. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kupungua: Katavi 34, na nchi nzima 22. Hesabu hizi si za kuwacheka watu wa bara. Kila mmoja katika hao ni binti wa mtu, na wengi wao waliacha madaftari yao kabla hayajajaa.

Kisha mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilitoa ruhusa ya kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya uzazi aweza kurudi darasani. Tena kwa waliokwisha kuwa watu wazima iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1975, na kiko Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho mwanafunzi wake husoma akiwa kwake bila ya kuhama mji. Basi mlango wa darasa umefunguliwa. Lakini mwenye mtoto mgongoni hapiti mlango huo mpaka apite kwanza mlango wa jikoni, na mlango huo hauko mikononi mwa Serikali. Uko mikononi mwa mume, na baba, na kaka, na mama mkwe.

Na ichukuliwe siku moja ya mama kama huyo, si fulani wala fulani, bali mfano wa wengi. Saa 10 ya alfajiri huamka. Hutafuta maji, na katika miezi ya kiangazi, ambayo huko ni tangu Mei mpaka Oktoba, maji huwa na foleni. Huwasha moto, hupika uji, huwaogesha watoto, hufagia uwanja. Huenda shamba au sokoni. Adhuhuri hurudi kupika, alasiri huenda masomoni, magharibi huwa amekwisha kurudi naye huanza kusonga ugali na kuteleka mboga. Watu wakala, yeye akaosha vyombo, akalaza watoto. Saa 4 ya usiku ndipo afunguapo kitabu, na saa 4 na robo kitabu ki wazi na mwenyewe amelala. Mwalimu amwonapo siku ya pili hajui somo lake humwita mvivu. Mumewe amwonapo amechelewesha chakula naye humwita mvivu. Na huyu ndiye mtu aliyefanya kazi kupita wote wawili.

Hapo ndipo huja wenye nasaha wakasema: ajifunze kuokoa wakati. Ni neno jema, lakini lataka kupimwa, kwani wakati si kama nafaka iliyoongezeka ghalani. Mwanadamu hawezi kuzidisha hata dakika moja juu ya siku. Basi kila saa isemwayo kuwa imeokolewa katika nyumba imepatikana kwa njia moja katika njia tatu, hapana ya nne. Ama kazi yenyewe imepunguzwa. Ama kazi imetwikwa mtu dhaifu asiyeweza kukataa. Ama kazi imechukuliwa na mtu aliyekuwa na nafasi. Njia hizi tatu hazilingani mbele ya sheria wala mbele ya insafu, na mtu asiyezitenga huenda akatenda dhuluma huku adhani kuwa amefanya tadbiri nzuri.

Njia ya kwanza ni kupunguza kazi yenyewe, nayo ni halali safi. Maharage yakilowekwa tangu usiku, yakamwagwa maji yake asubuhi, huiva upesi kuliko yaliyotiwa motoni makavu, na kuni huokoka. Chungu kilichofunikwa hupita kilicho wazi. Kuni zilizopasuliwa na kuanikwa kiangazi humtumikia mtu masika nzima, na kuni mbichi humkalisha akipuliza moshi. Wali uliochemka ukapungua maji, chungu chake chaweza kuondolewa motoni na kutiwa katika kapu lililosheheni majani makavu au matambara, ukamaliza kuiva kwa joto lake wenyewe, na mpishi akawa kitabuni. Mboga ya maharage ya siku mbili yaweza kupikwa mara moja, ikachemshwa tena asubuhi isichache. Mahindi yaende mashineni, kinu kibakie kwa kazi ndogo. Na mtoto wa miaka 7, ambaye mzazi ameamrishwa amwamrishe sala, hashindwi kuosha sahani yake na kukunja mkeka wake, awe wa kiume au wa kike. Mwenye kumpa binti ufagio na kumpa mwana ruhusa ya kucheza amekwisha kuanza kumfundisha mwana kula wakati wa watu.

Hayo ni mambo madogo, wala hapana haja ya kuyadharau, kwa kuwa saa moja kila siku ni saa 365 kwa mwaka. Somo moja likichukua dakika 40, hizo ni masomo zaidi ya 540. Mtu amalizaye mwaka na masomo 540 si yule aliyeuanza.

Lakini ajuaye nyumba ajua kuwa kazi nyingi za jikoni hazitoki jikoni, hutoka katika ulimi wa mlaji. Mume akitaka unga mweupe kila siku, mahindi hayana budi yakobolewe, yarowekwe, yaanikwe, ndipo yasagwe. Akiridhika na dona, kazi ile yote huanguka. Mume akikataa kiporo, moto huwashwa mara tatu. Akija na wageni bila ya kutoa khabari, somo la siku ile limekwisha. Wala jambo hili si la Mpanda peke yake. Katika miji ya Pwani mwezi wa Ramadhani, mwezi wa Kurani, wanawake wangapi huumaliza tangu adhuhuri mpaka magharibi mbele ya moto, wakikuna nazi na kupika namna tano na sita za futari, ili wanaume wafuturu na kusifu? Msahafu wao uko rafuni, nao pia wamefunga.

Wanavyuoni humsimulia Ibn Akil wa Baghdad, aliyefariki mwaka 513 wa Hijra, sawa na mwaka 1119, ya kwamba alikuwa akichagua kula kaki iliyolowekwa maji badala ya mkate, kwa sababu mkate hukawiza katika kutafuna, naye ataka muda wa kusoma. Khabari hiyo hutajwa kwa kumsifu, na yastahiki sifa. Basi itazamwe insafu: mwanamume akipunguza chakula chake kwa ajili ya elimu huitwa mwanachuoni, na mama akileta chakula chepesi kwa ajili ya elimu huitwa mzembe. Kitendo ni kimoja, na mizani imekuwa miwili.

Njia ya pili ni kumtwika mzigo mtu dhaifu. Nyumba yenye uwezo huleta msichana wa kazi kutoka kijijini, mara nyingine mtoto aliyekuwa na haki ya kuwa darasani mwenyewe. Nyumba isiyo na uwezo humtoa shule mdogo wa kike wa yule mama, ashike mtoto, dada yake asome. Au mzigo wote humwangukia bibi mzee ambaye magoti hayamwinui. Kwa dhahiri saa imeokolewa. Kwa hakika imehamishwa tu kutoka mfuko mmoja mpaka mfuko mwingine, na mfuko ulioibiwa ni wa yule asiye na sauti. Ikiwa mama mmoja wa Katavi amerudi darasani kwa kumtoa darasani mtoto wa miaka 12, basi hesabu ya wasomi haikuzidi, na hesabu ya waliodhulumiwa haikupungua.

Kuajiri si haramu. Kumepokewa kwa Abu Dharri, radhi za Mungu zimshukie, ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliwausia watu juu ya watumishi wao: wawalishe katika kile walacho wenyewe, wasiwakalifishe wasiyoyaweza, na wakiwakalifisha basi wawasaidie. Mwenye kutimiza hayo, akalipa ujira uliopatanwa, akampa mtumishi saa ya kulala na saa ya kujifunza, hana lawama. Lakini mwenye kununua nafasi yake kwa usingizi wa mtoto wa mtu, na ajue kuwa amenunua mali ya wizi.

Njia ya tatu ni kazi kuchukuliwa na mwenye nafasi. Na katika nyumba nyingi, za Mpanda na za Mombasa, za Unguja na za Tanga, mwenye nafasi ni mtu mmoja anayejulikana. Ni mwanamume arudiye kazini alasiri, akaoga, akavaa kanzu, akaenda barazani, kahawa ikapita, bao likachezwa, mazungumzo yakaendelea mpaka isha. Baraza si uovu. Ndiyo ipatanishayo watu na kupasha khabari. Lakini zile saa mbili za barazani na zile saa mbili za jikoni ni za wakati mmoja, katika nyumba moja, na mmoja katika wawili hao ana mtihani asubuhi.

Hapa msomaji atauliza hukumu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya watu wa Pwani, kauli mashuhuri ni kwamba kupika na kufua na kufagia si wajibu uliofungwa shingoni mwa mke kwa akdi ya ndoa. Akifanya, amefanya kwa wema wake. Imam Nawawi, alipoisherehi khabari ya Asmaa binti Abubakar, aliyekuwa akimtumikia farasi wa mumewe Zuberi na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka mbali, alibainisha ya kwamba kazi hizo ni katika wema na muruwa wa wanawake, wala si deni. Wako wanavyuoni wengine, miongoni mwao Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, waliosema kuwa mke yampasa kutumika kwa kadiri ya ada. Lakini hata kwa kauli hii ya pili, ada haina maana ya kumzidishia mtu mzigo mpaka avunjike. Basi mwenye kushika kauli ya kwanza, kila sahani aliyopewa ni sadaka. Na mwenye kupewa sadaka kila siku kwa miaka 10, kisha akakasirika siku moja ilipochelewa, amekosa adabu ya mpokeaji.

Katika khabari hiyo hiyo ya Asmaa mna jambo la kuzingatiwa. Alisema mwenyewe ya kwamba hakuwa hodari wa kuoka mkate, na jirani zake wa Kiansari walikuwa wakimwokea, naye akawasifu kuwa ni wanawake wa kweli. Kisha babake alipompelekea mtumishi wa kumtazama yule farasi, aliona kama kwamba ameachwa huru. Neno hilo la uhuru alilisema binti wa Abubakar Siddiki, mke wa sahaba mkubwa, juu ya kazi za nyumba. Na mtu aliyempunguzia mzigo alikuwa ni mwanamume.

Ama mwenendo wa Mtume (S.A.W.), bibi Aisha aliulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu ya kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Imepokewa tena kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Yeye ndiye aliyekuwa na umma mzima juu ya mabega yake, na wahyi ukimshukia. Ni nani barazani aliye na shughuli kupita zake? Na yule bibi Aisha aliyeishi katika nyumba hiyo ndiye ambaye umma umepokea kwake hadithi 2,210.

Na Sayyidna Omar naye amesimulia ya kwamba yeye na jirani yake wa Kiansari walikuwa wakipokezana: huyu siku moja huteremka kwa Mtume kusikiliza elimu, na huyu siku ya pili, na kila mmoja humletea mwenziwe khabari za siku yake. Watu wawili, kila mmoja ana kazi na nyumba, walijua kuwa wote wawili hawawezi kwenda kila siku, wala hawakuona haki mmoja awe mwendaji milele na mwenziwe mkaaji milele. Mume na mke wa Mpanda wakifanya hivyo, jioni hii huyu na watoto, jioni ya pili huyu, hawakuzua jambo.

Zitaletwa hoja. Wa kwanza atasema: mwanamume huchuma, na chumo lake ndilo fungu lake. Ni kweli kwamba nafaka ni juu yake, na mwenye kutoka alfajiri akarudi usiku amechoka hapaswi kuzidishiwa. Maneno haya hayamhusu yeye. Yamhusu yule aliye na saa za baraza. Tena katika nyumba nyingi za Katavi mke huyo naye yuko shamba na jembe, naye pia huchuma. Hoja ya kuchuma ikiwa ni hoja, basi ni yake vile vile.

Wa pili atasema: bibi Fatuma alipolalamika mikono yake kwa kusaga, hakupewa mtumishi, alifundishwa kusabihi mara 33, na kuhimidi mara 33, na kukabiri mara 34. Hadithi ni sahihi, na mara nyingi husomewa wanawake ili wanyamaze. Lakini maneno yale hayakuambiwa Fatuma peke yake. Waliambiwa wote wawili, yeye na mumewe Ali, naye Ali amesema hakuyaacha tangu siku ile, hata usiku wa Siffin. Na katika baadhi ya mapokezi, Ali naye alikuwa amelalamika kifua kwa kuteka maji. Basi nyumba ile mmoja alisaga na mmoja aliteka maji, wote wakachoka, wote wakafundishwa dhikri. Mwenye kuitoa hadithi hii kuwa hoja na aanze kwa kuteka maji.

Wa tatu atasema: elimu gani imlazimuyo mama wa watoto? Imam Ghazali ameandika katika Ihya ya kwamba mume yampasa amfundishe mkewe yanayomlazimu katika dini. Na ikiwa mwenyewe hajui, wala hamwulizii kwa wanavyuoni, basi mke ana haki ya kutoka akajifunze, na mume akimzuia amepata dhambi. Hiyo ni elimu ya faradhi. Ama elimu ya hesabu na uuguzi na ualimu, ni nani ahitajiaye kuwa na mkunga mwanamke na mwalimu mwanamke kupita Mwislamu mwenye ghera? Mwanamume huyo huyo atakaye mkewe azalishwe na mwanamke, akimnyima binti wa mtu saa ya kusomea ukunga, ataka tunda na akata mti. Na mtoto wa Katavi ambaye mamake alirudi shule ndiye mwenye kutumainiwa kuwa hataingia katika ile hesabu ya 34.

Wa nne hatasema kwa sauti, lakini hiyo ndiyo hoja iliyo kubwa kupita zote: watu watacheka. Watasema bwana fulani amekaliwa na mkewe, amelishwa limbwata. Hapa hapana dalili ya kujibu, kwani yenyewe si dalili. Ni khofu tu. Mwenye kuacha sunna kwa khofu ya kucheka kwa watu na aipime khofu hiyo kwa siku ambayo hao wachekao hawatamfaa kitu.

Kwa upande wa pili, mama asomaye naye ana amana. Saa aliyoachiwa na mumewe kwa ajili ya kitabu isiliwe na simu wala na porojo za uani, kwani hiyo si yake peke yake. Mtu mwingine ameilipia kwa jasho lake. Sala isisukumwe kwa kisingizio cha mtihani. Mtoto mchanga ana haki ya kifua na uso wa mamake, na haki hiyo haiokolewi, hutolewa tu. Na aseme mapema: mume hajui ghaibu, na mke anyamazaye mwezi mzima kisha akalipuka siku moja hakutenda wala hakupata haki. Wakae pamoja mwanzo wa wiki, wahesabu siku za masomo na siku za kazi, wapatane ni nani na lini. Shauri baina ya wazazi wawili limetajwa ndani ya Kurani hata katika jambo la kumwachisha mtoto ziwa. Likiwa shauri lataka kuwapo katika ziwa, halikosi kuwapo katika sufuria.

Wanaume wa Pwani wapenda sana kumtaja Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, na huutaja kila wakitaka kuwakumbusha wanawake utii. Wachache wakumbukao ya kwamba utendi huo ni kazi ya mama mwenye watoto, aliyejua herufi na mizani na dini yake. Mtu hafikii hapo kwa kuiba robo saa usiku wa manane. Lazima palikuwapo, katika nyumba alimokulia na alimoolewa, mtu aliyeona kuwa wakati wake wafaa kwa jambo jingine mbali na moshi. Jina la mtu huyo halikuandikwa popote, na thawabu yake iko kwa Mola wake.

Basi mas-ala imerudi ilipoanza. Wakati ni wa nani? Si wa mume wala si wa mke. Ni amana ya Mwenyezi Mungu, na kila mmoja amekabidhiwa fungu lake, naye ataulizwa juu ya umri wake ameumaliza katika nini. Siku hiyo mama wa Mpanda akiulizwa, huenda akasema: Mola wangu, niliutaka kuutia katika elimu, nao ukaliwa. Na atakapoulizwa ni nani aliyeula, hatajibu kuwa ni chungu wala kinu, kwa kuwa vitu hivyo havina tumbo. Heri kwa mwanamume aliyelilipa deni hilo hapa hapa, leo alasiri, kabla ya kuvaa kanzu ya kwenda barazani, akauliza nyumbani kwake: leo ni zamu ya nani, na kitabu kiko ukurasa gani?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuusiana haki na kuusiana subira, na azibariki nyumba za Waislamu wa Pwani na wa bara. Wabillahi ttaufiki. Wassalaam.